Darasa la Vinyongo

Kaeni vizuri, maana hadithi hii haina jini wala sultani. Ina makarani, na makarani walitosha. Palikuwa na bonde moja, na ndani ya bonde nchi tatu: Tembwe, Lungo na Singwa. Bonde lenyewe halikuwa kubwa hata kidogo. Mtu akichinja mbuzi Tembwe, harufu ya mchuzi ilifika Lungo kabla mwenye mbuzi hajala. Watu wake walisema lugha moja, walizika kwa namna moja, na mahindi yao yaliliwa na nyani wale wale, ambao hawakuwahi kuulizwa wametoka nchi gani.

Huko alikwenda Machano, mwunga mifupa, mtu wa makamo asiye na maneno mengi. Alikwenda kumtazama dada yake Mwanaisha, aliyeolewa Lungo zamani na kufiwa na mume huko huko. Safari yake hainihusu. Miguu ilimuuma, basi. Nitakachosimulia ni alichokiona baada ya kufika, na nitakisimulia kama alivyokisimulia yeye, bila kucheka.

Kwanza alipelekwa ofisini, kwa Karani wa Vinyongo. Huyu aliitwa Bwana Feruzi, mtu nadhifu, mpole wa sauti, kucha zake safi kuliko za bwana harusi.

"Adui yako nani?" aliuliza Feruzi, kalamu mkononi.

"Sina," alijibu Machano.

Feruzi alimtazama kwa huruma ya kweli, kama mtu aliyeambiwa na mgeni kwamba hajawahi kuwa na mama. Akaandika: hajafundishwa. Halafu akamweleza sheria za bonde, taratibu, kama unavyomweleza mgonjwa masharti ya dawa.

Nchi tatu hizo daima zilikuwa mbili dhidi ya moja. Haijapata kutokea tatu zikapatana, wala tatu zikagombana zote kwa pamoja. Urafiki wa wawili, alisema Feruzi, unahitaji mtu wa tatu wa kusemwa, la sivyo marafiki watakaa barazani hawana la kuzungumza. Nani yuko na nani ilibadilika. Wakati mwingine muungano ulidumu msimu mzima, wakati mwingine ulivunjika kabla ya Ijumaa.

Lakini sheria waliyojivunia ni ya pili. Nchi mbili zikiungana, haitoshi kuacha kupigana. Kila mmoja lazima achukue vinyongo vya mwenzake na kuvifanya vyake. Kwa hiyo kila muungano mpya ulifungua darasa. Watu wazima walikaa kwenye majamvi wakafundishwa kwa moyo mabaya yote ambayo rafiki yao mpya aliwahi kutendewa na adui wao mpya, tangu enzi za mababu, na siku ya mtihani walitakiwa kuvililia. Aliyefaulu alipewa hati ya kuvuka mpaka. Aliyeshindwa alikaa kwao.

"Na vinyongo mlivyokuwa navyo dhidi ya huyo rafiki mpya?" Machano aliuliza.

"Hufungiwa sandukuni," alisema Feruzi. "Akivitaja mtu, faini, au kifungo. Rafiki hasemwi. Tungekuwa watu gani?"

Mwanaisha alimpokea ndugu yake kwa wali na machozi, na kabla hajamaliza kunawa alimwambia shida yake. Binti yake wa pekee, Mize, ameolewa Singwa, na ana mimba ya miezi minane. Mimba ya kwanza ilikuwa karibu imwue. Alitokwa damu siku mbili, mtoto akafa, na yeye aliponea mikononi mwa mkunga mmoja wa huko mwenye mikono myepesi. Sasa Mwanaisha alitaka kitu kimoja tu duniani, kuwa na binti yake siku ya kujifungua, amshike mkono. Lakini wakati ule Lungo ilikuwa na Tembwe, dhidi ya Singwa, na mpaka umefungwa miezi mitatu.

Aliyekuwa akipuliza moto jikoni siku hiyo alikuwa jirani, Ruzuna, Mtembwe, mwanamke mnene mwenye mzaha. Yeye na Mwanaisha walikuwa wametumia ukuta mmoja wa jiko kwa miaka ishirini. Walifiwa na waume mwaka mmoja. Chumvi yao ilikuwa moja, na wakigombana waligombana kwa sauti za chini ili mtaa usifaidi.

"Shemeji," alimwambia Machano, "dada yako huyu haelewi siasa. Mimi namwambia angoje. Miungano yetu haikai. Wiki ijayo ataamka ananichukia mimi, na atavuka."

Walicheka wote watatu, na Machano alikumbuka baadaye kwamba walicheka.

Siku ya nne tangazo lilipita mitaani. Lungo na Singwa ni ndugu tangu leo, adui ni Tembwe. Mwanaisha aliangua kilio cha furaha, akamkumbatia Ruzuna, na Ruzuna akamkumbatia, halafu wakaachana polepole, kwa sababu wote wawili walikuwa wamekumbuka.

Darasa lilifunguliwa asubuhi ile ile. Machano aliruhusiwa kukaa nyuma, na alisema hajapata kuona bidii kama ile. Vinyongo vya Singwa dhidi ya Tembwe vilikuwa sabini na moja. Cha kwanza, Mtembwe fulani alicheka kwenye maziko ya Msingwa, mwaka ambao hakuna aliyeukumbuka. Cha tano, Watembwe waliazima ngoma wakairudisha imechanika ngozi. Cha kumi na tisa kilihusu ng'ombe aliyekuwa na ndama tumboni, na hapo Feruzi mwenyewe sauti ilimkwama. Kati ya vile sabini na moja vilikuwamo vya kweli pia, vya nyumba zilizochomwa na watu waliokatwa kwa mapanga, lakini vilisomwa kwa sauti ile ile ya ngoma iliyochanika, na wanafunzi walivililia kwa kipimo kile kile. Machano, ambaye kazi yake ilimfundisha kuuliza panapouma kabla ya kushika, hakuweza tena kujua panapouma ni wapi.

Mzee mmoja alilia vizuri kuliko wote, akajipiga kifua, akagaragara. Ikaja kubainika kwamba anamlilia ng'ombe wa muungano uliopita, aliyeibwa na hao hao Wasingwa. Walimtoa nje kwa heshima na kumwambia arudie.

Siku hiyo ya kwanza ilikuwa na sharti jingine, ambalo Feruzi aliliita kinyongo cha nafsi. Vya kufundishwa peke yake havitoshi. Kila anayetaka hati lazima alete kimoja chake mwenyewe, dhidi ya Mtembwe anayemjua kwa jina. Kitaandikwa, na kitapelekwa Singwa kama ushahidi wa moyo safi.

Mwanaisha alirudi nyumbani jioni. Mtembwe aliyemjua kwa jina alikuwa mmoja tu.

"Sitaki," alimwambia Machano. "Nitapita njia nyingine."

"Hakuna njia nyingine, shoga," ilisema sauti upande wa pili wa ukuta wa jiko, maana ukuta ule haukuficha kitu. Ruzuna aliingia akakaa kwenye kibao cha mbuzi. "Miaka yote hii waliniruka, lakini safari hii watanifukuza tu, leo au kesho. Nisingizie kitu kinachoingia akilini. Sema nilikuibia kuku."

"Wewe hujaniibia hata kijiti cha moto."

"Ndiyo maana nasema kuku. Yule mtetea wako mweupe aliyepotea wakati wa masika. Sema ulikuta manyoya kwangu. Na useme kwa uchungu, usije ukaniaibisha. Mize anakuhitaji."

Wakafanya mazoezi, wanawake wawili watu wazima. Mmoja alishtaki na mwenzake alimsahihisha. "Hapo polepole," Ruzuna alisema. "Hapo nitazame vibaya." Machano alitoka nje akasimama uani, kwa sababu hakujua atazame wapi.

Asubuhi Mwanaisha alisema maneno yale mbele ya Feruzi, na yakaandikwa. Adhuhuri Ruzuna alikuwa njiani kwenda Tembwe na godoro kichwani, pamoja na wengine mia moja na kitu, akirudi nchi aliyoiacha akiwa msichana na ambako hakuwa na mtu. Aliaga kwa mkono mmoja, maana wa pili ulishika godoro.

Siku ya tatu ikaja mtihani wa machozi. Kabla ya kuanza, watumishi wa ofisi walinusa vidole vya kila mtu kuhakikisha hakuna kitunguu. Mwanaisha alivitaja vinyongo vyote sabini na moja bila kukosea, lakini macho yake yalibaki makavu kama jiwe la kusugulia miguu. Alishindwa. Siku ya nne akashindwa tena. Kila siku ilikuwa siku iliyokatwa kwa Mize, na mama mtu aliihesabu, na kuihesabu kulimkausha zaidi.

Siku ya tano, alipofika kwenye kinyongo cha kumi, alinyamaza. Alikuwa amekumbuka kwamba asubuhi ile alipika chai ya watu wawili na kugonga ukuta. Hapo alilia, alilia hata akashindwa kusimama. Feruzi aliinama, akagusa shavu lake kwa kidole kimoja, akaridhika.

"Sasa unawachukia vizuri," alisema, na akapiga muhuri.

Mwanaisha na Machano, ambaye kama mgeni hakudaiwa hati, walifika Singwa siku ya sita alasiri, dada akienda mbele mbio kama hana miaka hamsini na tano. Mlangoni palikuwa na viatu vingi. Mtu mwenye akili, akiona viatu vingi mlangoni mwa mzazi na hasikii vigelegele, hahitaji kuambiwa. Mize alikuwa amekufa alfajiri. Mtoto alikuwa hai, msichana, amefungwa kwenye kanga ya mtu mwingine.

Ilikuwa damu, kama mara ya kwanza. Mwanaisha hakulia. Aliuliza swali moja, "Mkunga alikuwa wapi?"

Mume wa Mize, kijana mpole ambaye midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kuiuma, ndiye aliyejibu. "Mama, mkunga wetu alikuwa Mtembwe. Kwa baba. Sisi wenyewe tulikuwa tumesahau. Walimwondoa siku ya pili ya muungano. Aliomba abaki hadi Mize ajifungue, akapiga magoti pale barabarani. Wakasema muungano haungoji mimba."

Feruzi alifika jioni, maana makarani wa pande zote mbili walihudhuria kila msiba wakati wa muungano. Aliketi karibu na Mwanaisha, akamweleza, kwa nia njema kabisa na akidhani anamfariji, jinsi mambo yalivyokwenda. Vinyongo vya nafsi kutoka Lungo vilisomwa barazani Singwa siku ile ile vilipoandikwa. Vingi vilikuwa vya kawaida. Lakini kile cha kuku kiliwagusa watu: jirani wa miaka ishirini, ukuta mmoja, manyoya meupe. Wasingwa waliona haya. Wakasema, ikiwa ndugu zetu Walungo wamewatoa hata majirani wa jikoni, sisi tunangoja nini? Kabla ya jua kuzama walikuwa wamemtoa Mtembwe wao wa mwisho.

Machano alimwona dada yake akielewa. Alisema hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote alizoziona katika bonde lile, mbaya kuliko kumwona maiti. Halafu Mwanaisha alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja jina lake ofisini, "Ni mimi."

"La, bibi," alisema Feruzi upesi, na kwa upole mwingi. "Usijitese. Mkunga alijua hali ya mwanao. Alijua, akaenda zake. Ni Tembwe."

"Alipiga magoti," alisema Machano. "Mume wake amesema mwenyewe. Walimburuta."

"Angetaka kubaki angebaki," alisema Feruzi. Hakumtazama Machano. Alimtazama Mwanaisha tu, akingoja, kama mtu aliyemnyooshea mwenzake maji. "Ni Tembwe, bibi. Sema, utapata nafuu."

Mwanaisha alitazama mikono yake muda mrefu. Machano alitamani aseme la kwanza tena, alilisema mara moja, angeweza kulirudia. Lakini nani awezaye kulibeba lile hadi kaburini, asubuhi na jioni, peke yake? Mimi simhukumu. Alisema, "Ni Tembwe," na baada ya kusema, machozi yalikuja, na wanawake wote wakalia naye kwa faraja.

Feruzi akaandika. Kikawa kinyongo cha sabini na mbili.

Walirudi Lungo na mtoto, kwa kuwa huko ndiko alikopatikana mwanamke wa kumnyonyesha. Machano hakuweza kuondoka. Alikaa mwezi, akakaa wa pili. Akaona kinyongo cha sabini na mbili kinavyofundishwa, kwanza na Feruzi, halafu, kwa kuwa hakuna aliyekisema vizuri kama yeye, na Mwanaisha mwenyewe. Alipewa jamvi lake la mbele. Alijua mahali pa kushusha sauti na mahali pa kunyamaza. Watu wazima ambao hawakuwahi kumwona Mize walilia hata kamasi, na Mwanaisha aliwatazama kwa shukrani, kwa sababu mtu aliyefiwa hutaka nini zaidi ya watu wamlilie mtu wake?

Siku moja Machano alimfuata jikoni. "Dada, wewe unajua haikuwa hivyo."

"Najua," alisema Mwanaisha, akichochea uji. "Lakini pale ndipo anapotajwa. Nyumbani hapa unamtaja nani? Wewe hunitajii. Mume wake amekwisha kuchumbia."

"Na Ruzuna?"

Mwanaisha aliacha kuchochea. "Ruzuna aliniibia kuku," alisema. Machano alimkagua uso, akitafuta mzaha, kisha akitafuta aibu, na hakuona hiki wala kile.

Mwezi wa tatu lilitokea jambo ambalo halijawahi kutokea bondeni. Nyani walikuwa wamezidi, mahindi yamekwisha katika nchi zote tatu, na wakulima wakaanza kunong'ona kwamba kulinda mashamba ni kazi ya watu wengi, na watu wengi hawapatikani ikiwa theluthi moja ni maadui. Tembwe wakatuma ujumbe. Waliomba muungano wa watatu. Baraza liliitishwa uwanjani, Walungo na Wasingwa pamoja, na Machano alisema kwamba kwa mara ya kwanza tangu afike aliona nyuso za watu wanaofikiri.

Mjadala ulikuwa wa ajabu. Karani mmoja aliuliza tukiwa marafiki watatu tutamsema nani. Mkulima akamjibu, "Tutawasema nyani." Watu wakacheka, na kicheko kile kilikuwa kizuri, kikapita uwanja mzima. Mwingine aliuliza vinyongo vitakwenda wapi. Feruzi alisimama akasema sheria ni ile ile, rafiki hasemwi, vyote vitafungiwa sandukuni, vile vya Tembwe yenyewe pamoja na vyote vilivyo dhidi ya Tembwe. Hata hilo halikuwatisha watu. Mikono ilikuwa karibu kunyooshwa.

Lakini desturi iliwapa neno kwanza wale ambao msiba wao umo kitabuni. Na msiba mpya kuliko yote ulikuwa mmoja.

Mwanaisha alisimama. Hakupaza sauti.

"Mkipatana," alisema, "mwanangu atafungiwa sandukuni. Nikisema alikufaje, nitatozwa faini. Nikisema mara ya pili, nitafungwa. Mjukuu wangu akiniuliza mama yake yuko wapi, nitamwambia nini, nimwambie kuhusu nyani?" Akageuka awatazame wote, hata wale wa nyuma. "Mimi nakubali. Lakini kwanza nionyesheni mmoja kati yenu aliye tayari kunyamaza hivyo juu ya mwanawe. Mmoja tu. Anyooshe mkono, na mimi nitanyoosha wangu."

Machano alisema angeweza kusimama wakati ule. Hakuwa na mtoto, hakuwa Mlungo, hakuwa na cha kupoteza. Angesema: nilikuwepo, mkunga alipiga magoti, na kuku hakuibwa. Maneno yalikuwa kinywani. Lakini kuyasema kulikuwa kumrudishia dada yake lile neno la kwanza, "Ni mimi," mbele ya watu elfu mbili, na alipomtazama amesimama pale, mwembamba, kanga imemteleza begani, hakuweza. Alikaa na mikono mapajani. Na hivyo ndivyo walivyokaa wote, kila mmoja kwa sababu yake nzuri, hadi Feruzi alipofunga kitabu na kutangaza kwamba hoja imeanguka. Wajumbe wa Tembwe, waliokuwa wakingoja kivulini pembeni, waliamka wakakung'uta nguo zao, wakaenda.

Usiku huo nyumbani Mwanaisha alikula vizuri, mara ya kwanza kwa siku nyingi. "Nilisema sawasawa?" alimwuliza ndugu yake.

"Ulisema vizuri, dada," alijibu Machano, na ilikuwa kweli.

Alianza kufunga mzigo wake. Chumba cha pili mtoto aliamka akalia, na Mwanaisha akaenda kumchukua. Machano alisikia kitanda kikilia, kisha akasikia sauti ya dada yake, ya chini, tamu, sauti aliyombembelezea yeye walipokuwa wadogo. Haukuwa wimbo aliokuwa akiuimba. Alikuwa akimsomea mtoto vinyongo, kimoja kimoja, toka cha kwanza, taratibu. Kabla hajafika cha ngoma, mtoto alikuwa amenyamaza.